Nimesasisha BIOS, Windows haiwaki: nirudishe BIOS ya zamani, nitoe betri au nipige Windows upya?

Nusu_Fundi
Wakuu, salaam. Mazabodi yangu ni B450, prosesa Ryzen 5 2600. Nimenunua Ryzen 5 5600, na bila BIOS mpya (programu ya mazabodi inayoiwasha kompyuta) haitambuliki, kwa hiyo jana usiku nilisasisha kabla ya kubadili prosesa. Ilifika asilimia 100 bila shida. Ikajizima, ikawaka, nikakutana na maandishi meupe: "Reboot and Select proper Boot device".

Ndani ya BIOS naiona SSD kwenye orodha ya diski, ila sehemu ya kuchagua iwakie wapi iko tupu. Windows 10 niliipiga 2018, na mafaili ya kazi yamo humohumo. Kati ya njia hizo tatu, ipi ina hasara ndogo?

Bitozi wa Tandika
Piga Windows upya mkuu, nusu saa umemaliza. Ya 2018 unaing'ang'ania ya nini?

Nusu_Fundi
Mafaili, kaka. Mafaili.

DadaKebo
Usipige chochote kwanza. SSD ikionekana, diski ni nzima. Ukisasisha BIOS mipangilio hurudi ya kiwandani, na hapo ndipo wengi hukwama. Tafuta kitu kinaitwa CSM, kinachoruhusu kuwasha mifumo ya mtindo wa zamani. Miaka ile watu wengi walipiga Windows kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa MBR (mpangilio wa zamani wa diski). CSM ikizimwa, BIOS inatafuta Windows ya UEFI (mtindo mpya wa kuwasha) tu, na kwako haipo. Iwashe, hifadhi kwa F10, ujaribu. Isipokubali, unaizima tena na hujapoteza kitu.

Mzee wa Solda
Dada yuko sahihi. Mimi niseme hizo njia mbili nyingine, maana ndizo zinazoniletea wateja.

Kutoa betri: ile CR2032, betri ndogo ya mazabodi, unaitoa pale kioo kinapobaki cheusi, kwa mfano ramu imegoma spidi uliyoiwekea. Kazi yake ni kurudisha mipangilio ya kiwandani. Sasa kijana, wewe unaumwa na hiyohiyo mipangilio ya kiwandani! Utazunguka na kurudi palepale.

Kurudisha BIOS ya zamani: huko ni kuflashi, yaani kuandika BIOS kwenye chipu, mara ya pili. Umeme ukikatika katikati na mazabodi yako haina kitufe cha Flashback cha kuokoa BIOS, utanikuta mezani na kifaa cha CH341A naiandika chipu upya kwa mkono. Mazabodi nyingine hata hazikubali kurudi nyuma. Tena ukifanikiwa, hiyo 5600 utaifungia wapi?

Mpemba_Linux
Kwangu ilitokea kinyume. Diski ilikuwa GPT (mpangilio mpya, wa UEFI) tayari, lakini kusasisha kulifuta majina ya mifumo yaliyohifadhiwa ndani ya mazabodi. Linux niliirudisha kwa amri ya efibootmgr nikitumia flashi ya USB. Mwenye Windows ya UEFI akikosa jina lake, amri ni bcdboot. CSM haisaidii hapo, kwa hiyo jua kwanza diski yako ni ya aina gani.

Nusu_Fundi
CSM nimeiwasha, IMEWAKA. Dada, Mungu akuzidishie. Sasa niiache hivi au nibadili diski iwe GPT? Nasikia kuna mbr2gpt.

Bitozi wa Tandika
Imewaka, iache. Kidonda kimepona unakikwaruza tena?

DadaKebo
Ukiiacha, utatumia leo na kesho bila neno. Ila Windows 11 inataka UEFI, na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi ningebadili. mbr2gpt imo ndani ya Windows 10 tangu toleo 1703, na haifuti mafaili. Hata hivyo weka nakala kwenye diski ya nje, usiniamini mimi wala Microsoft.

Fungua cmd (dirisha la amri) kama msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikikubali, rudia ukiweka /convert badala ya /validate. Ikishamaliza, zima CSM *kabla* ya kuwasha tena Windows.

Mzee wa Solda
Kadi za zamani za grafiki huwa hazitoi picha CSM ikizimwa, na 5600 haina grafiki yake ya ndani. Lakini wewe uliingia BIOS jana CSM ikiwa imezimwa na ukaona kila kitu, basi kadi yako haina neno. XMP, ya kuipa ramu spidi yake kamili, iache mpaka umalize yote.

Nusu_Fundi
Imekataa kwenye validate. Kumbe nina partisheni (vigawanyo vya diski) nne za msingi.

DadaKebo
Inataka zisizidi tatu, ipate nafasi ya kutengeneza ya EFI, ya kuwashia Windows. Kuna D uliyoikata mwenyewe?

Nusu_Fundi
Ipo, imejaa picha za harusi. Nazihamisha.

Nusu_Fundi
Nimerudi. Nimefuta D, validate imekubali, convert imekubali, CSM nimezima, Windows imewaka. Nikafunga 5600. Sasa inasema "New CPU installed, fTPM/PSP NV corrupted" na kunitaka nichague Y au N. Nimeondoa mikono kwenye kibodi.

DadaKebo
Haijaharibika, ni prosesa mpya tu. fTPM hutunza funguo, na Y inazifuta. Uliwahi kuwasha BitLocker, ya kufunga diski kwa siri? Mwenye nayo akibonyeza Y bila ile namba ya kuifungulia, ya tarakimu 48, mafaili yake atayasikia tu.

Nusu_Fundi
Sijawahi. Nilihakikisha kwa manage-bde -status kabla ya kufungua kasha la kompyuta.

DadaKebo
Basi Y.

Nusu_Fundi
Y. Imewaka. Ramu inasoma 2400 na niliinunua ya 3200.

Mzee wa Solda
Sasa washa XMP.