Ushauri: probu ya sintilesheni ya kupima gama kwenye miamba ya Mwanza

Mwl_Nyakato: Wakuu, heshima zenu. Nina wanafunzi wa kidato cha sita, nataka wapime mionzi ya gama kwenye majabali yetu, tukianzia Capri Point. Kipimo cha Geiger tunacho, ila kinahesabu polepole mno na hakisemi mionzi inatoka kwenye kitu gani. Nimeona probu za sintilesheni, yaani zenye kitu kinachomweka mwanga kikipigwa na gama: za NaI (fuwele ya iodidi ya sodiamu), za CsI (iodidi ya sizi) na za plastiki, hizi za plastiki kubwa na bei yake imepoa. Mita ninayo, inatoa volti 900. Nichukue ipi? Fungu lenyewe ni la kununua mara moja tu.

Fundi Spektra: Mwalimu, plastiki iache. Ile ni ya getini, lori la vyuma chakavu likipita na chanzo cha mionzi ipige kelele. Imeundwa kwa kaboni na haidrojeni, atomu nyepesi, kwa hiyo gama huacha humo sehemu tu ya nguvu yake, na kwenye spektra (grafu ya hesabu kwa kila nguvu ya gama) vile vilele vinavyotambulisha chanzo havionekani. Kwenye granaiti unatafuta vilele vitatu: cha 1461 keV (keV ni kipimo cha nguvu ya gama) cha potasiamu 40, cha 1764 cha bismathi 214 upande wa urani, na cha 2615 cha thaliamu 208 upande wa thoriamu. Gama kali hivyo inataka fuwele nene. Chukua NaI(Tl), yaani NaI iliyotiwa thaliamu kidogo, ya inchi 2 kwa 2 (kipenyo kwa urefu), mfuko ukiruhusu 3 kwa 3. Zile nyembamba za milimita chache ni za gama hafifu, kama ya amerisiamu 241.

Mama Ukerewe: Naunga mkono, lakini NaI inanyonya unyevu kama chumvi ya jikoni, na sisi tunaishi ziwani. Ganda likivuja tu, fuwele inageuka njano na mwanga haufiki kwenye tyubu inayougeuza kuwa umeme. Kama ni ya mtumba, usikubali picha ya nje peke yake, maana fuwele imefungwa ndani huioni. Mwambie muuzaji akutumie spektra ya sizi 137. Kilele chake cha 662 keV kiwe na upana wa asilimia 7 au 8 hivi ya nguvu hiyo. Kikizidi 10, achana nayo. Na tafadhali, msiitoe kwenye chumba cha kiyoyozi mkaiweka moja kwa moja juu ya jabali saa saba mchana. Joto likibadilika ghafla fuwele inapasuka. Iviringisheni sponji, ipate joto taratibu.

Kijana wa Igoma: CsI je? Haiogopi sana unyevu wala kugongwa, na zipo ndogo za kuunganisha na simu.

Fundi Spektra: Kwa kutembea nayo ni nzuri sana. Ila fuwele ya sentimita moja kwenye 2615 keV, wanafunzi watakaa jabalini mpaka jioni. Mwalimu, hiyo mita inachora spektra au inahesabu tu?

Mwl_Nyakato: Inahesabu tu, mkuu.

Fundi Spektra: Basi tenga hela ya kichambuzi cha chaneli nyingi, kile kinachopanga gama kwa nguvu zake na kuchora spektra, cha kuchomeka kwenye kompyuta, la sivyo utapata namba kubwa kuliko ya Geiger na swali lako litabaki palepale. Heri inchi 2 pamoja na kichambuzi kuliko inchi 3 bila hicho.

Mama Ukerewe: Kusawazisha vilele, yaani kuhakikisha kila kimoja kinasomeka kwenye namba yake, hakuhitaji kuagiza chanzo cha mionzi, ambacho kinataka kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu. Mfuko wa mbolea ya potashi, ile MOP, unatosha kukupa 1461.

Fundi Spektra: Na kabla hujalipa, uliza tyubu inataka volti ngapi. Ikiwa ya 1100, kwa mita yako ya 900 utadhani umeuziwa mbovu.