Naomba ushauri: mahafali ya nyumbani kwa binti anayemaliza kidato cha sita, Julai 2020

Habari zenu wadau. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi Juni 1, na mtihani unaanza Juni 29. Mahafali ya shuleni hayapo. Mtoto aliyesoma miaka 13 hastahili kurudi kimya kimya na tranka lake.

Mpango ni watu 30 uani, saa 9 hadi 12 jioni. Turubai la juu tu, bila kuta, upepo upite. Viti mita moja moja. Mlangoni ndoo mbili za koki za lita 20, kwa sababu kila mtu akinawa kwa nusu lita, wote wakinawa mara mbili zinaondoka lita 30. Pilau ni mchele kilo 4 na nyama kilo 4. Mchele ukiwa mpya maji yapunguzwe, la sivyo linakuwa bokoboko. Mpakuaji awe mmoja, amevaa barakoa, maana upawa ukipita mikono 30 kunawa kote ni kazi bure.

Ninapokwama ni kwenye keki. Kulishana kwa uma mmoja, mdomo kwa mdomo, sikutaki, lakini wazee wataona wamenyimwa heshima. Vijiti vya meno, kila mtu na chake, vinatosha? Au vipande vifungwe kwenye karatasi, binti awakabidhi kwa kupiga goti?

Na bibi yake mwenye kisukari: aje akae pembeni, au tumpigie simu ya video?