Pampu ya buluu inaisha kwa wiki tatu, na moyo unanidunda

MamaChapo_Kayole: Wadau, nina pumu tangu darasa la tatu. Nakaanga chapati steji, jiko la makaa, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Tangu baridi ya Julai ianze, pampu ya buluu inaniishia kwa wiki tatu. Nikivuta, kifua kinafunguka baada ya dakika chache, lakini mikono inatetemeka hadi siwezi kusukuma chapati, na moyo unakwenda mbio. Jirani amenipa propranolol yake ya presha, eti itautuliza. Nimeze?

Dawa_Umoja: Mama, usimeze! Niko duka la dawa mwaka wa nane, na mtu wa pumu simpi hiyo. Salbutamol, dawa iliyo kwenye pampu ya buluu, inashika vipokezi vya beta-2, yaani vishikio vya dawa kwenye misuli ya njia za hewa, misuli inalegea, hewa inapita. Propranolol inaziba vipokezi hivyohivyo. Ukibanwa usiku, pampu inaweza kukataa kufanya kazi.

Huko kutetemeka ni salbutamol imezidi. Kopo lina pufu 200; kwa siku 21 unavuta karibu kumi kila siku! Ukiihitaji zaidi ya siku mbili kwa wiki, pumu haijatulia. Buluu inalegeza misuli kwa muda wa saa 4 hadi 6 tu, uvimbe wa ndani haiugusi. Uvimbe unahitaji steroidi ya kuvuta, kila siku, hata ukijisikia mzima. Nenda kliniki wiki hii.

Njoro_Boda: Mimi nilikuwa najipulizia kama marashi, dawa yote inabaki kooni. Nesi akatoboa kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, akachomeka pampu hapo, nikavutia mdomo wa chupa. Pufu moja, pumzi tano taratibu, ndipo nyingine.

MamaChapo_Kayole: Vidonge nimemrudishia. Hiyo steroidi, ile pampu ya kahawia, nilipewa mwaka jana, nikaacha baada ya siku nne, sikuona kazi yake. Na nikibanwa usiku kabla ya kliniki?

Dawa_Umoja: Siku nne! Hiyo inataka wiki kadhaa, na usuuze mdomo kila ukivuta. Usiku ukibanwa, kaa wima, pufu 4 za buluu kwa chupa ya Njoro, moja moja. Ukishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, usingoje kukuche: hospitali, na urudie pufu hizo njiani kila dakika 20. Moshi wa jiko unaelekea wapi?

MamaChapo_Kayole: Usoni kwangu. Kesho nalihamishia nje ya kibanda.