Juisi ya tikiti inajitenga kwenye jagi, nakosea wapi?

Mama Pacha, Mbagala
Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada, maana nimeaibika mbele ya wifi.

Jumamosi nilinunua tikiti pale Rangi Tatu, elfu tatu na mia tano. Muuzaji alinionjesha, tamu kweli, jekundu. Nikafika nyumbani nikakatakata, nikatia kwenye blenda na maji vikombe viwili na sukari vijiko vitano, nikasaga kama dakika nne ili mbegu nazo zisagike. Nikaweka kwenye friji saa nne asubuhi.

Wifi na wanawe wakafika saa tisa. Kutoa jagi: juu povu kama la sabuni ya kufulia, katikati maji, chini ungaunga. Nikakoroga nikamimina hivyo hivyo. Wifi akanywa mafunda mawili, akaniuliza, "Wifi, hii ni ya boga?" Watoto wakaomba maji.

Wanaouza juisi wanaweka nini mpaka inakuwa vile? Jumapili ijayo anarudi.

Mzee wa Kijiwe
Mimi nakata kipande nakula. Sijawahi kuaibika.

Shangazi Chumbageni
Mwanangu, pole. Nimeuza juisi nje ya geti la shule miaka sita hapa Tanga, na hilo la boga nami nimeshaambiwa.

Kwanza, hayo maji ulimwekea nani? Tikiti lenyewe zaidi ya asilimia 90 ni maji. Ukiongeza mengine unaizimua, halafu unaifukuzia ladha kwa sukari. Usitie hata tone.

Ladha ya boga inatoka kwenye ile nyeupe ya karibu na ganda. Najua unaionea huruma elfu tatu yako, ila ishia kwenye nyekundu.

Sasa mbegu. Ukizisaga ndiyo huo unga wa chini na ule uchungu wa mbali. Wala huhitaji kukaa unazichokoa moja moja. Bonyeza blenda, achia, bonyeza, achia, mara nne au tano basi. Nyama ya tikiti ni laini, inayeyuka mbegu zikiwa bado nzima, na zote zitabaki kwenye chujio. Povu nalo ni hewa uliyoipiga humo dakika nne. Umeme ukikatika mimi naponda kwa mkono kwenye bakuli na kuchuja kwa chujio la nazi, na wateja wangu waliipenda zaidi hiyo, rangi yake imekolea na povu hakuna.

Kujitenga kutakuwepo tu. Ya embe ni nzito, inajishika. Ya tikiti ni nyepesi, ukiiacha makapi yanakwenda kwake na maji yanakwenda kwake. Kwa hiyo usiisage saa nne kumngojea mtu wa saa tisa. Vipande ndivyo vilale kwenye friji, wewe usage mgeni akivua viatu. Vingine vigandishe utumie badala ya barafu, maana barafu ikiyeyuka umerudi kule kule kwenye maji.

Mwisho kamulia ndimu nusu, tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili, onja. Sukari iamue baada ya hapo. Na ganda lioshe kabla hujakata, kisu kinabeba uchafu wa nje kinaupeleka ndani.

Bint Kisauni
Shangazi, na maziwa? Mimi nazipenda zile za rangi ya waridi.

Shangazi Chumbageni
Yanakubali, yawe baridi. Ila ukitia maziwa sahau ndimu, yatakatika. Na inywe hapo hapo.

Mama Pacha, Mbagala
Mrejesho, wapendwa. Wifi alikuja jana. Nilipoisikia bajaji tu nikakimbilia blenda, nikabonyeza mara mbili, umeme ukakatika! Nikakumbuka maneno ya Shangazi, nikanawa, nikaponda kwa mkono. Viganja vilinata hadi jioni. Tangawizi nilikuna kipande kama ncha ya kidole gumba nikachuja nayo, hiyo ni akili yangu mwenyewe.

Chumvi nilizidisha kidogo kwenye jagi la kwanza, hilo akanywa mume wangu. La pili wifi amekunywa glasi mbili na hakusema kitu. Kwa ninavyomjua, hiyo ni sifa.

Sukari sikutia kabisa. Sasa mbegu zimejaa bakuli, nizitupe?

Shangazi Chumbageni
Utupe? Zioshe, zianike juani zikauke, zikaange kavukavu na chumvi. Ndiyo bisi za wifi akirudi.

Mzee wa Kijiwe
Nipo Mbagala Kuu. Nauliza tu.