Hadaa, hila au kudanganya: lipi liandikwe kwenye onyo, na limetoka wapi?

Mfasiri_Kampala
Ndugu, natafsiri onyo la kubandikwa kwenye vibanda vya mobaili mani. Mtu anapiga simu, anadai amekutumia pesa kwa makosa, anataka umrudishie. Kwa Kiganda hiyo ni okufera, na watu hao ni bafere. Kwa Kiswahili nimekwama: hadaa, hila au kudanganya? Na hadaa asili yake nini?

Mhariri wa Mbale
Hadaa. Limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu khadaʿa. Kh imelainika ikawa h, kama khabar ilivyozaa habari na khatar ikazaa hatari. Ile ʿayn, herufi ya Kiarabu ya kooni (hiyo ʿ), imedondoka, zikabaki a mbili, sawasawa na sāʿa ilivyozaa saa.

Angalia sana kauli ya kutendwa. Zaa hutoa zaliwa na kataa hutoa kataliwa kwa sababu ni maneno ya Kibantu yenye l iliyojificha. Hadaa haikuwa na l hata siku moja, kwa hiyo ni amehadaiwa, si "amehadaliwa".

Bi. Sarufi
Naunga mkono. Kudanganya ni pana mno: "macho yamenidanganya", na macho hayana nia. Hadaa ina chambo. Hapa chambo ni ule ujumbe wa simu uliotungwa ufanane na wa kampuni, hadi tarakimu za salio. Hata methali inasema "Ulimwengu hadaa, walimwengu shujaa".

Hila ni ule mpango wenyewe. Ni nomino, ukitaka kitendo, sema kumfanyia mtu hila. H yake si ile ya hadaa, kwa Kiarabu ni herufi nyingine: ḥīla, mzizi ḥ-w-l, kugeuka au kubadilika. Mzizi huohuo umetupa hali, na pia hawala, neno la kupeleka fedha! Linapendeza, ila kwenye bango litachelewesha msomaji.

Mfasiri_Kampala
Asanteni sana. Rasimu: "Usihadaike! Ukipata ujumbe wa pesa, angalia salio lako kwanza, ndipo urudishe." Na bafere je?

Mhariri wa Mbale
Andika matapeli. Ukiona wateja watalielewa upesi zaidi lile la Kiganda, liache lilivyo, bafere, kwa herufi za mlazo. Usiandike "wabafere": ba- tayari ni wingi. Na hapo mwisho ondoa "ndipo urudishe", maana unamwagiza arudishe. Weka: "Salio halijaongezeka? Usitume kitu."