Kurekodi perere usiku: simu, rekoda ya mkononi au AudioMoth?

Kihamba_Marangu
Wakuu, habari za jioni. Nafanya utafiti wa perere, yaani pimbi wa mitini, kwenye msitu wa juu ya Marangu. Mnyama mwenyewe haonekani, analia usiku tu, kwa hiyo data yangu yote ni sauti. Nataka kujua analia mara ngapi tangu giza linapoingia hadi alfajiri, sehemu nne, siku saba mfululizo. Nina simu, naweza kuazima rekoda ya mkononi, au nitafute AudioMoth, zile rekoda ndogo zinazojiendesha, za kufunga mtini. Mwenye uzoefu anisaidie.

Njiro_Sauti
Sehemu nne kwa siku saba, umeshajijibu mkuu. Rekoda ya mkononi ina maikrofoni nzuri, lakini inataka mtu akae nayo. AudioMoth unaipangia ratiba kwenye kompyuta, unatia betri tatu za AA na kadi ya microSD, unaifunga kwenye shina, unashuka zako nyumbani.

Ila piga hesabu ya kadi kabla hujapanda. Ukirekodi sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, biti 16, chaneli moja: kila saa inakula kama MB 346. Usiku wa saa 12 ni GB 4 na ushee, siku saba ni GB 29. Kadi ya GB 32 itakubana, chukua ya 64. Mashine inafika hadi sampuli 384,000, lakini hizo ni za popo, ambao milio yao masikio yetu hayaipati. Perere tunamsikia wenyewe.

BomaNgombe77
Simu isidharauliwe jamani. Mimi nimehoji wazee wa kahawa Kibosho na Uru kwa simu tupu, na kila neno linasikika.

Mama_Tengeru
Kwa mahojiano nakubali, kaka yangu. Kwa perere hapana. Simu nyingi hupandisha zenyewe sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo perere aliye jirani na aliye ng'ambo ya korongo watatoka karibu sawa. Tena hifadhi kwa WAV. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitambui zikikosekana, na wewe utazihitaji kwenye uchambuzi.

Kihamba mwanangu, kilichonitesa mimi ni saa. AudioMoth kwa kawaida huandika majina ya mafaili kwa saa za UTC, ile saa ya kimataifa, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Grafu yangu ya popo ilionyesha wanatoka jua likiwa bado linawaka, nikahangaika nayo wiki nzima. Siku moja nafungua faili lililoandikwa 02:30, nasikia adhana ya alfajiri, safi kabisa, kutoka bondeni. Nililia. Msaidizi naye alikuwa ameandika daftarini "saa 4", bila kusema usiku wala asubuhi. Sasa daftari letu ni 22:00 tu, na kabla ya kuondoka kwenye mti tunasimama mbele ya mashine, tunataja tarehe, saa na namba ya mti kwa sauti. Ukichomoa betri, saa inafutika, iweke upya.

Kihamba_Marangu
Shikamoo Mama. Hilo la adhana limenifungua macho. Mvua je? Huku masika hainyamazi.

Njiro_Sauti
Kasha lisilopitisha maji, na pakiti ya kunyonya unyevu ndani. Usiifunge chini ya tawi linalodondosha matone, kila tone litasikika kama risasi. Na kaza mkanda, kima wana mikono.

BomaNgombe77
Jambo moja tu, mdogo wangu. Njia za msituni zina kina mama wa kuni, na mashine haichagui cha kusikia. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, hakimwambii mtu wa kitongoji kwamba maneno yake yanarekodiwa. Nenda kwa mwenyekiti mapema, uweke kibao kwenye kila mti.

Kihamba_Marangu
Jumamosi naenda kwa mwenyekiti. Mashine moja nimeshaahidiwa, naanza kuijaribu huku mgombani usiku mmoja.

Mama_Tengeru
Marahaba. Kesho yake fungua faili la kwanza kabla hujanywa chai, utuambie limeandikwa saa ngapi.