Fedha ya Macalder: Itafutwe na Kampuni au Iachiwe Wachimbaji Wadogo?

Mkazi wa Umoja (mwanzishaji):
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Bei ya madini ya fedha imepanda, na watu wameanza tena kuutaja mgodi wa zamani wa Macalder kule Nyatike, Kaunti ya Migori, uliotoa shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa, nadhani wakati wa uhuru, 1963. Je, serikali itoe leseni za utafutaji kwa kampuni zenye mitambo ya kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwenda chini, au eneo liachiwe wachimbaji wadogo? Mimi nasema kampuni, kwa sababu wachimbaji wadogo hawausomi mwamba, wanabahatisha tu.

Mwana wa Nyatike:
Mengine ninayaacha, lakini neno "wanabahatisha" sitaliacha lipite. Mimi naishi Kayole, ila karo yangu ya sekondari ilitoka katika mawe hayo. Mama yangu huketi na nyundo, hupasua jiwe, hulilowesha kwa mate na kuligeuza juani. Likiwa kwatzi nyeupe tupu, hulitupa; likiwa na vishimo vidogo vyenye kutu nyekundu, huliweka kando ili lisagwe. Kutu hiyo ndiyo alama ya salfaidi, yaani madini yenye salfa, zilizooza, na hakuna aliyemfundisha darasani. Kama huko si kusoma mwamba, mwanzishaji, tuambie kusoma ni nini.

Mwalimu, South B:
Kwanza nisahihishe: mgodi ulifungwa mwaka wa 1966. Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba mnazungumzia miamba miwili kana kwamba ni mmoja. Fedha ya Macalder ilikuwa imechanganyika na shaba na zinki katika tabaka nene la salfaidi, lililojengwa na maji ya moto kwenye sakafu ya bahari ya kale, zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Mishipa ya kwatzi anayopasua mama wa ndugu yetu ni habari nyingine: maji ya moto yalipenya katika nyufa za mwamba, yakapoa, yakaacha kwatzi na dhahabu. Katika mishipa ya aina hiyo fedha huweza kujificha ndani ya galena, yaani madini ya risasi, wala jicho haliioni. Isitoshe, karibu na uso wa ardhi mvua huiyeyusha fedha na kuishusha chini, kwa hiyo jiwe la juu linaweza kudanganya kwa kupunguza au kwa kuzidisha. Ndiyo maana watu huchoronga.

Mkazi wa Umoja:
Ahsante, Mwalimu, kwa kusahihisha mwaka. Mwana wa Nyatike, sikukusudia kumdharau mama. Hata hivyo Mwalimu ameithibitisha hoja yangu: bila mtambo hakuna ajuaye kilichoko mita 100 chini.

Binti wa Kakamega:
Mnapoandika "kampuni zipewe" kwa wepesi huo, sisi wa Kakamega hatuwezi kunyamaza. Dhahabu ilipoonekana kwetu mwaka wa 1931, kulikuwa na sheria ya 1930 iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji ikichukuliwa italipwa kwa ardhi nyingine. Mwezi wa Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa upesi ili malipo yawe pesa taslimu, na baraza la wenyeji lisiulizwe. Mgodi wa dhahabu wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952, na mashimo tumeachiwa sisi.

Mkazi wa Umoja:
Dada, nimeuliza kuhusu leseni ya utafutaji, na sikusema mtu yeyote anyang'anywe ardhi. Naomba usiniwekee maneno mdomoni. Sheria ya Madini ya 2016 si ile ya 1932: katika mrabaha, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa madini aliyoyatoa, jamii hupata asilimia 10, kaunti 20 na serikali kuu 70, na mchimbaji mdogo anaweza kupata kibali chake.

Binti wa Kakamega:
Mrabaha hulipwa madini yakishatoka. Shamba huchimbwa mitaro kabla ya hapo, na hilo ndilo ninalolisema.

Mwana wa Nyatike:
Nirudi kwenye fedha yenyewe. Mama akimaliza kuchoma zebaki aliyoinasia dhahabu, hubaki na kipande cha dhahabu kilicho kidogo kuliko punje ya mahindi. Mnunuzi mmoja hukiangalia na kusema, "Hii imepauka," kisha anakata bei. Nilikuwa mtoto nikiamini kwamba mama hakusafisha vizuri. Mwalimu, ni kweli kwamba weupe ule ni fedha?

Mwalimu, South B:
Mara nyingi ndivyo ilivyo. Dhahabu ya asili huwa na fedha ndani yake, na kadiri fedha inavyozidi ndivyo rangi inavyofifia. Kwa hiyo huenda mama amekuwa akikatwa kwa sababu ya fedha bila kulipwa hiyo fedha. Tena iliyofungika ndani ya galena haishikwi vizuri na zebaki. Hubaki katika mchanga unaotupwa. Huko Nevada, Marekani, watafuta dhahabu wa 1859 walilaani tope zito la rangi ya samawati lililoziba vifaa vyao, hadi lilipopimwa likaonekana ni madini ya fedha.

Mwana wa Nyatike:
Basi yule aliyejua mwamba ndiye aliyeibiwa, naye mwanzishaji anataka apewe nafasi yule asiyewahi kuushika. Mimi nataka mchanga wa mama upimwe kwanza, kabla ya leseni ya mtu yeyote.

Mkazi wa Umoja:
Hapo sina ubishi. Upimwe, na gharama tuchange.

Mwalimu, South B:
Nitawapeleka kwenye maabara. Ila usilete jiwe zuri alilolichagua mama, kwa sababu jiwe lililochaguliwa halisemi lolote kuhusu mshipa. Changanya mchanga wa lundo lote, juu hadi chini, uugawe mafungu manne, uchukue robo mbili zinazotazamana, kisha urudie mpaka zibaki kilo mbili.

Mwana wa Nyatike:
Nasafiri Ijumaa usiku. Mama ameuliza kama mchanga wa mwaka jana pia unafaa, kwa kuwa umo ndani ya magunia nyuma ya jiko.

Mwalimu, South B:
Unafaa. Uuweke katika mfuko wake mwenyewe, na uandike ulitoka shimo gani.